Servo si feki, hazijaelewa zinachoambiwa

Kwa Mhariri,

Jumamosi iliyopita mliweka picha ya vijana wanne wakiwa wameshika ndege ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti, waliyojiundia kwa sponji nyeupe ya kasha la televisheni. Maelezo chini ya picha yalisema ndege ilikataa kutii kwa sababu servo walizonunua, zile mota ndogo za kusogeza sehemu za mabawa na mkia, zilikuwa feki. Niliyasoma maelezo hayo nikiwa na servo mbili mezani pangu, zimeletwa na kijana mwingine kabisa kwa shtaka hilo hilo, na zote mbili ni nzima kama kigogo. Nikaona heri niwaandikie kabla hamjanifukuzia wateja wengine kwenda kununua servo mpya wasizozihitaji.

Mimi hutengeneza redio, amplifaya na siku hizi simu, katika kibanda kimoja hapa Nakuru, si mbali na stendi ya matatu. Nimekikalia miaka 27. Mambo ya ndege sikuyajua hadi mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, alipomaliza kidato cha nne akawa anashinda kwangu na kunimalizia risasi ya kulehemu. Siku moja aliingia na kifuko kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Ndani mlikuwa na servo nne za gramu 9, mota, spidi kontrola ya ampea 30 ya kuiendesha mota hiyo, na risiva ya kupokea amri za rimoti, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Akachomeka, akawasha, servo zikatetemeka kama mtu mwenye malaria, kisha zikanyamaza. "Shangazi," akasema, "wameniuzia takataka."

Sikumbishia. Nilichukua servo moja nikaifungua, maana mimi siwezi kuzungumzia kitu ambacho sijaona tumbo lake.

Ndani ya servo hamna maajabu. Kuna mota ndogo, gia chache za plastiki, kibodi cha umeme na voliumu. Naam, voliumu, ndugu wa ile ya kuongezea sauti ya redio. Huzunguka pamoja na mkono wa servo na kuiarifu bodi mkono umefika wapi. Nyaya mbili za servo ni za umeme. Yanayobaki ni ya waya wa tatu, ule wa rangi ya chungwa, ambao kwenye servo za kampuni ya Futaba huwa mweupe. Waya huo huleta pigo fupi la umeme, yapata mara 50 kwa sekunde. Pigo likidumu milisekunde 1, mkono unakwenda upande mmoja, likidumu milisekunde 2, unakwenda upande wa pili, likidumu 1.5, unakaa katikati. Basi. Servo haijui hesabu, haijui jina lake, haijui kama imefungwa kwenye bawa au mkiani.

Risiva za zamani ziliuheshimu ujinga huo. Zilikuwa na safu ya pini, kila servo na pini zake tatu, kila moja na mjumbe wake. Mpaka leo risiva za namna hiyo zinauzwa. Ile ya mpwa wangu, FS-A8S ya kampuni ya FlySky, ni ya kabila jingine. Imetengenezewa droni, ambazo zina bodi yake katikati ya kusoma habari na kuamua. Kwa hiyo haina safu ya pini za servo. Ina waya mmoja wa habari, na chaneli zote, yaani amri za kila kijiti cha rimoti, hupita humo kwa foleni, namba moja baada ya nyingine. Mafundi wa kompyuta huita mtindo huo seriali.

Kwa wasomaji wa hapa Nakuru nitasema hivi. Panda matatu ya kwenda Lanet, konda atataja vituo vyote kwa pumzi moja: Section 58, Free Area, Pipeline, Lanet. Abiria mwenyeji anasubiri chake, anagonga bodi, anashuka. Servo ya kawaida ni mgeni aliyefundishwa neno moja tu, "shuka". Ukimweka mgeni huyo karibu na konda anayebwabwaja, kila sauti itamfanya ainuke na kuketi, ainuke na kuketi. Huko ndiko kutetemeka walikokuona vijana wenu. Wala si uongo kwamba kuna servo zilizo wenyeji: Futaba hutengeneza servo za S.BUS, mtindo wake wa seriali, ambazo kila moja hupewa namba yake, zote zikaning'inia kwenye waya mmoja na kila moja ikasikia jina lake tu. Lakini bei yake si ya kijana anayeunda ndege kwa sponji ya kuokota.

Nilitoa oskiloskopu yangu, kifaa cha kuchora mapigo ya umeme kwenye kioo, ile kuukuu niliyoinunua kwa mwalimu mmoja aliyestaafu, nikaangalia waya wa risiva. Habari ilikuwa imejaa tele. Mtindo ule huitwa i-BUS. Kwa kila milisekunde 7 hivi risiva hurusha kifurushi cha baiti 32, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Baiti mbili za mwanzo ni 32 na 64, kama mtu anayebisha hodi. Zinafuata chaneli 14, kila moja baiti mbili, ile ndogo ikitangulia. Ukiona 220 halafu 5, zidisha tano kwa 256, jumlisha 220: unapata 1500. Hiyo ndiyo ile milisekunde moja na nusu, kijiti kikiwa katikati. Mwishoni zinakuja baiti mbili za kuhakiki: unachukua 65535, unatoa jumla ya baiti 30 zilizotangulia, na jibu lisipolingana unatupa kifurushi kizima na kusubiri kingine. Nilipomwonyesha mpwa wangu kwamba namba zinabadilika kila akisukuma kijiti cha rimoti, aliacha kumlaani muuzaji. Muuzaji alimpa risiva nzima na servo nzima. Kosa lake lilikuwa kutomuuliza kijana anakwenda kuzifungia nini.

Kati ya risiva na servo palihitajika mkalimani. Tulitumia Arduino Pro Mini, bodi ndogo ya kuandikiwa programu, ile ya volti 5 na megahezi 16. Sikuchagua Nano ingawa ndiyo wanayoijua vijana wengi, kwa sababu Pro Mini ni nyepesi. Kwenye bodi zote mbili pini ya kupokelea seriali ndiyo hiyo hiyo ya kupakilia programu. Ukisahau kuchomoa risiva wakati wa kupakia programu, kompyuta itakuletea makosa usiyoyaelewa na utaanza kushuku kebo. Kazi ya programu ni fupi: sikiliza hodi, soma kifurushi, hakiki, kisha toa mapigo kwenye pini tano, nne za servo na moja ya spidi kontrola. Maktaba ya servo inayokuja na Arduino, yaani programu iliyoandikwa tayari, inatosha, ila tumia amri ya kuandika kwa maikrosekunde moja kwa moja. Ukitumia ile ya digrii utajiletea hesabu zisizo na faida, maana namba za i-BUS tayari ni maikrosekunde.

Kuna kijana ataniuliza habari za S.BUS, kwa sababu risiva nyingi hutoa hiyo. Naijua, na nimeijengea pia. Kasi yake ni biti 100000 kwa sekunde, kifurushi cha baiti 25 kinachoanza na 15, chaneli 16 zilizosongamanishwa kwa biti 11 kila moja bila kujali mipaka ya baiti. Kuzichambua ni kama kutenganisha mchele na mawe, lakini ukishaandika mara moja umemaliza. Namba zake si maikrosekunde. Katikati ni 992, na lazima uzibadilishe mwenyewe. Kinachowakwaza watu zaidi ni kwamba umeme wake umegeuzwa juu chini: pale ambapo seriali ya kawaida hupumzika ikiwa juu, S.BUS hupumzika ikiwa chini. Arduino haitasoma kitu. Dawa ni transista moja, BC547 kutoka kwenye redio iliyokufa, rezista ya kilo-omu 10 kwenye besi, na nyingine ya 4.7 ya kuivuta kolekta juu. Shilingi kumi za kazi. Na kama mnapenda vijambo vidogo kama mimi: saa ya megahezi 16 hugawanyika kwa 100000 bila salio, lakini kwa 115200 inakosea kwa asilimia 2.1. Inafanya kazi, ila kosa ni lile lile hata ukiweka bodi nyingine kama hiyo ya megahezi 16, kwa hiyo usisumbuke kulitafuta.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasogee karibu, kwa maana servo zinazoletwa kwangu zikiitwa feki nyingi zimesingiziwa hapa. Mwaka huu nimeletewa kumi na moja. Tatu zilikuwa zimevunjika meno ya gia baada ya kuanguka. Nane zilikuwa nzima.

Kijana hufunga servo zote kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, kisha huchomeka Arduino kwenye kompyuta ndogo. Soketi ya kawaida ya USB imeahidiwa nusu ampea. Servo moja tu ya gramu 9 ikikwama huvuta zaidi ya hiyo. Volti zinaanguka, Arduino inazimika na kuwaka upya, servo zinaruka, kijana anakuja kwangu. Servo zipate umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye kitoa volti 5 kilichomo ndani ya spidi kontrola, au kingine cha pembeni. Bodi ipate tawi tu la umeme huo. Umeme wa servo usipite ndani ya bodi hata kidogo. Na hata hicho kitoa volti kina uchovu wake. Vile vya bei nafuu hupunguza volti kwa kuzichoma: betri ya seli tatu ina volti 11.1, servo zinataka 5, volti 6 zilizobaki zinageuka joto. Servo zikivuta ampea moja, umebeba ndani ya sponji jiko la wati 6. Mpwa wangu aligundua hivyo aliposikia harufu. Tulitoboa tundu puani mwa ndege ili upepo uingie.

Kisha kuna waya mweusi, ule wa hasi. Alikuja bwana mmoja kutoka Kiamunyi, mtu mzima mwenye kazi yake ya ofisini, amefunga risiva kwenye pawabanki ya simu na servo kwenye betri nyingine, akifikiri anazitenganisha zisisumbuane. Waya wa ishara ameuunganisha vizuri kabisa. Lakini hasi za betri mbili hizo hazijui kama zinaishi nyumba moja. Ishara ya umeme hupimwa kutoka hasi kwenda juu. Pasipokuwa na hasi ya pamoja, pigo la volti 3.3 ni kama kusema ghorofa ya tatu bila kutaja jengo. Nilimwekea kipande cha waya urefu wa kidole, servo zikatulia. Alitaka kunilipa mia tano, nikachukua hamsini, na bado naona nilimwibia.

Mhariri, ningeishia hapo kama yasingetukuta ya Njoro.

Ndege ya mpwa wangu ina mabawa ya sentimita 120. Tulikwenda kuirusha Njoro kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, kwa idhini ya mwenyewe, asubuhi kabla upepo haujaamka. Mjini haturushi, wala upande wa Lanet kwenye uwanja wa ndege, wala karibu na mbuga ya ziwa. Kanuni za vyombo visivyo na rubani zipo tangu 2020, na hata zisingekuwepo, kichwa cha mtu ni kichwa cha mtu. Iliruka vizuri. Nilikuwa nimeketi kwenye jeri ya maji nikitazama kitu nilichokilehemu kwa mkono wangu kikigeuka angani, na sitawaficha, machozi yalinilengalenga.

Rimoti ile hutumia betri nne ndogo za kawaida. Mbili kati yake, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, kijana alikuwa amezitoa kwenye saa ya ukutani ya mama yake. Rimoti ikaanza kulia. Akadhani ni kengele ya kumkumbusha muda. Ikazimika.

Ndege haikuanguka. Hilo ndilo lililonitisha. Iliendelea kuzunguka taratibu, mota ikivuma nusu ya nguvu, duara lile lile, na kila mzunguko upepo unaisogeza kidogo upande wa mashariki. Kijana anabonyeza kila kitu anachoweza kubonyeza. Tukakimbia. Tulivuka shamba letu, tukavuka la jirani, na tulipoifikia ilikuwa juu ya mabati ya banda la ng'ombe, propela bado inagonga bati. Mama mwenye boma alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa mkononi. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa: "Na ingenikuta nimeinama?"

Nilirudi kibandani nikafunga kila kitu mezani, propela nimeing'oa. Nikawasha rimoti, nikasukuma kijiti cha mota hadi nusu, nikazima rimoti. Mota ikaendelea. Nilitazama oskiloskopu: risiva ilikuwa bado inatuma vifurushi, kila milisekunde 7, hodi sahihi, hesabu za kuhakiki sahihi, na ndani yake zile namba za mwisho ilizozisikia kabla ya rimoti kufa. Mkalimani wangu hakuwa na njia ya kujua. Alikuwa anatafsiri kwa uaminifu maneno ya maiti.

Katika S.BUS kuna baiti karibu na mwisho wa kifurushi yenye biti mbili za tahadhari, moja ikisema kifurushi kimepotea, nyingine ikisema mawasiliano na rimoti yamekatika. Katika i-BUS hakuna. Namba za chaneli na hesabu ya kuhakiki, kwaheri. Yule anayefunga risiva yenye pini za servo hukabiliana na risiva peke yake. Anayeweka mkalimani ana watu wawili wa kuwaonya, na kila mmoja huonywa kwa njia yake.

Risiva huonywa kwenye menyu ya rimoti, mahali palipoandikwa feilsefu. Humo unaiambia: ukinipoteza, mota iwe chini kabisa, mabawa na mkia katikati. Sisi tuliiacha kama ilivyotoka dukani. Mkalimani naye huonywa ndani ya programu: ikipita nusu sekunde bila kifurushi kizuri hata kimoja, toa mwenyewe maikrosekunde 1000 kwa mota na 1500 kwa servo nne. Onyo la kwanza linatibu risiva inayoendelea kusema uongo. La pili linatibu waya uliochomoka au risiva iliyozimika kwa kukosa volti. Ukiweka moja bila jingine umefunga mlango na kuacha dirisha.

Nilipokuwa ndani ya programu niliona na kosa langu jingine, nikashukuru kwamba halikuwahi kutokea hewani. Maktaba ya servo, ukiiwasha bila kuiambia kitu, huanza na 1500 kwenye kila pini. Kwa servo hiyo ni katikati, salama. Kwa spidi kontrola hiyo ni nusu ya nguvu. Fikiria bodi imezimika kwa nukta moja na kuwaka tena ukiwa umeishika ndege mkononi. Sasa programu yangu inaandika 1000 kwenye pini ya mota kabla ya kuifungua pini yenyewe, na haitoi zaidi ya hapo mpaka ipokee vifurushi kumi vizuri mfululizo na kijiti kiwe chini.

Tangu siku hiyo tuna desturi. Kabla ya kila kuruka, ndege inashikwa na mtu, propela haijafungwa, mota inapandishwa nusu, na rimoti inazimwa makusudi. Mota isipokufa ndani ya sekunde moja, tunarudi nyumbani. Kisha tunachomoa waya wa risiva na kujaribu tena. Mpwa wangu huona haya kufanya hivyo mbele ya wenzake. Mimi huenda kila mara ili haya imwishe. Mama wa Njoro tulimpelekea kilo mbili za sukari na bati moja jipya, na sasa kijana akirusha, mtoto wa mama yule huja na kiti changu.

Mtu asije akafikiri ninamshauri kila kijana ajenge mkalimani. Kama hujanunua bado, nunua risiva yenye pini za servo, kama FS-iA6B, ambayo inatoa servo sita na i-BUS pia, umalize kazi kwa dakika kumi. Mkalimani ni wa yule ambaye tayari fedha imetoka na risiva ndogo iko mkononi, au ndege yake ina mabawa marefu na hataki rundo la nyaya zipite katikati, au, kama mpwa wangu, hawezi kulala mpaka ajue. Wa namna hii wa mwisho tunao wengi kuliko mnavyodhani, na wanachokosa ni maelezo kwa lugha wanayofikiria. Wanayapata kwa Kiingereza cha haraka cha video, wanakariri rangi za nyaya, na rangi zikibadilika wanapotea.

Ndiyo maana ninaomba mambo mawili. La kwanza, vijana wale wanne msiwaache na neno feki juu ya picha yao. Muulizeni mmoja wao risiva yake ina nyaya ngapi za habari, nami naweka dau kwamba ni mmoja. Wakipita stendi na waulize kibanda cha Mama Redio, wataonyeshwa, na servo zao nitawapimia bure. La pili, mna ukurasa wa vijana ambao wiki nyingine hujazwa na mafumbo ya maneno. Nimeambatisha mchoro wangu wa nyaya, nimeuchora kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi ya daftari ili uchapike vizuri: betri, spidi kontrola, risiva, bodi, servo nne. Chini yake nimeandika lile jaribio la kuzima rimoti, kwa maneno machache.

Mkiuchapisha, tafadhali mwambieni mpangaji kurasa asiukate pembeni kwa kukosa nafasi. Mstari mnene unaopita chini kabisa ya karatasi, ukigusa kila kifaa, unaonekana kama pambo. Ni ule waya mweusi.

Mama Redio,
Nakuru